Uzamili wa usanifu wa michoro ukiwa Nairobi: MA ya Uingereza mtandaoni, MFA ya Marekani mtandaoni, au darasa la hapa nyumbani?

Msanifu wa michoro aliyefanya kazi Nairobi kwa miaka mitano au sita hufika mahali ambapo kazi haimpi tena maswali mapya. Anajua kuandaa faili la matbaa bila kukosea, anajua mteja wa benki atakataa rangi gani kabla hajaiona, na mshahara wake umesimama palepale ulipokuwa mwaka juzi. Hapo ndipo wazo la shahada ya uzamili huanza kumjia. Kwa kuwa vyuo vya ng'ambo sasa hufundisha mtandaoni, wazo hilo huja na njia tatu kwa mpigo, na mtu hubaki njia panda kwa miezi. Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili yake. Nimekaa mezani na wengi wa aina hii, nikawaona wakichagua chuo kwa uzuri wa tovuti yake, na jambo hilo huniuma, maana fedha inayozungumziwa ni akiba ya miaka.

Njia ya kwanza ni MA (Master of Arts, shahada ya uzamili) ya usanifu wa michoro inayotolewa mtandaoni na chuo kikuu cha Uingereza; Chuo Kikuu cha Falmouth ni miongoni mwa vilivyoiandaa mahususi kwa wanaosoma wakiwa mbali. Ya pili ni MFA (Master of Fine Arts, uzamili wa sanaa za vitendo) ya mtandaoni ya Marekani, kama zile za Savannah College of Art and Design katika jimbo la Georgia na Academy of Art University ya San Francisco. Ya tatu ni kusoma MA ya usanifu papa hapa, darasani, ambapo Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha taaluma hii kwa miongo mingi, na Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa, nacho kina idara ya sanaa na usanifu.

Vigezo

Nazipima njia hizi tatu kwa maswali matano. Je, shahada itatambuliwa na yule atakayekisoma cheti chako? Masomo yatakula saa ngapi, na saa hizo zitaangukia wakati gani wa siku ya Nairobi? Karo italipwa kwa sarafu gani? Nani ataitazama kazi yako kila wiki, na ataweza kuona nini? Na baada ya kuhitimu, ni mlango upi utafunguka na upi utabaki umefungwa? Swali la nne ndilo ninaloliona zito kuliko mengine yote, na ndilo ambalo watu husahau kuliuliza.

Utambuzi wa shahada

Hapa Kenya, jukumu la kutambua na kulinganisha shahada za nje lilikabidhiwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kupitia Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Msingi wake ni mwepesi kueleweka: chuo kiwe kimeidhinishwa kwao kabla hakijatambuliwa kwetu. Kwa MA ya Uingereza, unachohitaji ni kuhakikisha kwamba chuo chenyewe kina mamlaka ya kutoa shahada, wala si kampuni inayouza kozi kwa jina la chuo kingine. MA hiyo hubeba krediti 180, yaani vipimo vya kazi ya masomo, na ukikatiza njiani waweza kuondoka na cheti cha uzamili cha krediti 60 au diploma ya uzamili ya krediti 120, mpangilio unaomfaa mtu ambaye hali yake ya kifedha inaweza kubadilika ghafla.

MFA inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu imewachanganya watu wengi. Marekani, shahada hii huhesabiwa kuwa kilele cha masomo ya sanaa na usanifu wa vitendo. College Art Association, chama cha walimu na wasanii wa huko, kimeshikilia msimamo huo kwa muda mrefu, na mwenye MFA huajiriwa kuwa profesa bila kudaiwa shahada nyingine. Mtu akisoma maelezo hayo kwenye tovuti ya chuo cha Marekani huamini kwamba akirudi na MFA mlango wa uhadhiri wa Nairobi utakuwa wazi. Sivyo. Miongozo ya Tume ya mwaka 2014 iliiweka shahada ya uzamifu (PhD) kuwa sharti la cheo cha mhadhiri katika vyuo vikuu vyetu, na hapa MFA huwekwa katika safu ya uzamili. Hilo haliishushi hadhi MFA hata kidogo. Ni suala la mifumo miwili inayoita vitu kwa majina tofauti. Lakini mtu aliyejinyima miaka mitatu kwa ajili ya kufundisha anastahili kuambiwa hili kabla hajalipa muhula wa kwanza.

Kwa MA ya hapa nyumbani suala la kulinganisha halipo, mradi programu yenyewe iwe imeidhinishwa na Tume.

Saa na usiku

Krediti moja ya Uingereza hukadiriwa kuwa saa 10 za kusoma, kwa hiyo krediti 180 ni saa 1,800. Zigawanye kwa miaka miwili, wiki zote 104 bila hata ya mapumziko, unapata takribani saa 17 kwa wiki. MFA ya Marekani kwa kawaida ni krediti 60 za muhula, na kila krediti hudai karibu saa 45 ukijumlisha darasa na kazi ya nyumbani, hivyo jumla inafika saa 2,700. Ukiisoma kwa miaka mitatu, unarudi kwenye saa 17 zilezile kwa wiki. Kwa maneno mengine, uzito wa wiki ni mmoja. Kinachotofautiana ni idadi ya miaka utakayoubeba. Saa 17 ni Jumamosi nzima na jioni tatu, na mwenye familia azipange na wa nyumbani kwake kabla hajajaza fomu.

Tofauti ya majira nayo ina uzito wake. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi kali na saa mbili wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo kipindi kinachoanza saa kumi na mbili jioni kwao kinakukuta saa tatu usiku, umeshakula na watoto wamelala. Savannah iko nyuma kwa saa nane au saba. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni kule ni saa nane usiku hapa, na San Francisco ni mbali zaidi ya hapo. Programu nyingi za Marekani hurekodi mafunzo yake ili mwanafunzi ayatazame kwa wakati wake, na kwa mafunzo ya kawaida hilo linatosha. Ila kikao cha kuhakiki kazi hakifai kutazamwa kikiwa kimerekodiwa, kama vile harusi haihudhuriwi kwa kutazama video yake. Uliza ni vikao vingapi vya moja kwa moja katika kila muhula na hufanyika saa ngapi.

Kwa darasa la Nairobi, saa zenyewe ni za kawaida, na mara nyingi wanaofanya kazi hupangiwa jioni. Unacholipa hapa ni msongamano wa magari. Anayetoka Mombasa Road saa kumi na moja kwenda kipindi cha saa kumi na mbili kasoro karibu na barabara ya State House anajua ninachosema. Jambo la pili ni tasnifu. Nimeona wanafunzi hodari wakimaliza vipindi vyote kwa mwaka mmoja na nusu, kisha tasnifu ikawakalia miaka mingine miwili, wakati mwingine kwa sababu ya kazi zao, wakati mwingine kwa kumsubiri msimamizi. Programu za mtandaoni zina tarehe zisizobembeleza, na kwa watu fulani ukali huo ndio unaowafikisha mwisho.

Karo na shilingi

Sitataja karo ya chuo chochote, kwa kuwa hubadilika kila mwaka na wewe unaweza kuipata leo kwa barua pepe moja. Jambo ambalo barua pepe hiyo haitakueleza ni mwenendo wa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifika takribani shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Chukua mfano wa malipo ya dola 3,000. Aliyelipa wakati ule wa kwanza alitoa shilingi 480,000, na aliyelipa baadaye alitoa 390,000, kwa masomo yaleyale. Shilingi 90,000 ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Anayelipwa mshahara kwa shilingi akichagua njia ya kwanza au ya pili aweke akiba ya ziada kwa ajili ya mabadiliko hayo. Anayelipwa kwa dola na wateja wa nje, na wapo wengi siku hizi miongoni mwa wasanifu wetu, amekingwa kwa kiasi kikubwa.

Kuna pia gharama ambazo haziandikwi kwenye karo: kompyuta yenye kioo kinachoonyesha rangi kwa uaminifu, ada ya kila mwezi ya programu za Adobe, intaneti ya faiba pamoja na bando la akiba kwenye simu, na betri ya kushikilia kifaa cha intaneti umeme unapokatika. Mwanafunzi wa Nairobi anayesoma darasani hukwepa sehemu ya gharama hizi kwa kutumia maabara, ingawa msanifu yeyote wa kazi atakuwa na vifaa vyake. Kuhusu ufadhili, Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola iliyoko Uingereza hutoa ufadhili wa uzamili kwa masomo ya mbali kwa raia wa nchi zinazoendelea, lakini huelekezwa kwenye masomo yanayogusa maendeleo, kwa hiyo usanifu wa michoro peke yake haupenyi kirahisi.

Anayeitazama kazi

Uzamili wa usanifu haufundishi programu za kompyuta. Hizo ulitakiwa kuja nazo. Unafundisha kuuliza swali, kulifanyia utafiti, na kulitetea jibu lako mbele ya watu wanaojua. Ndiyo maana kikao cha uhakiki, kile wanachokiita krit, ndicho moyo wa shahada yenyewe.

Mwenzangu mmoja, msanifu wa vifungashio anayeishi Umoja, alisoma kwa njia ya mtandao na chuo cha ng'ambo. Usiku mmoja alinialika nikae pembeni ya meza yake nitazame. Taa ilikuwa moja, sauti yake ya chini ili asiwaamshe watoto chumba cha pili, na mbele ya kamera alikuwa ameinua mfuko wa unga wa mahindi alioubuni upya. Mhadhiri aliusifu mpangilio wa herufi, akapendekeza kijani kiongezwe uzito. Kwenye kioo cha kompyuta kijani hicho kiling'aa kama majani ya chai baada ya mvua. Asubuhi yake tuliupeleka mchoro kwa mpigachapa wa Industrial Area. Karatasi ya khaki ikaunywa wino, kijani kikatoka kimefifia kuelekea rangi ya tope, na fundi, bila hata kuinua macho kutoka kwenye mashine, akatuambia kwamba karatasi ile hutaka wino mweupe chini yake. Mhadhiri wa mbali hakukosea kuhusu alichokiona. Hakuwa na namna ya kuigusa karatasi. Kwa anayefanya vifungashio, vitabu, mabango ya kuchapwa au michoro ya matatu, pengo hilo ni la kweli, na atalazimika kulijaza mwenyewe kwa kufanya urafiki na wapigachapa wa River Road na Kirinyaga Road.

Lakini nisingetenda haki nisiposema kilichotokea katika kikao kilekile. Mwanafunzi mwenzake kutoka India aliuliza kwa nini mfuko wa unga unaoliwa na watu wanaozungumza Kiswahili umeandikwa Kiingereza kitupu. Mwenzangu alinyamaza. Miaka kumi ya kazi, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo, kwa sababu sisi sote hapa tumezoea. Swali hilo likawa mradi wake wa mwisho, na jalada lake la kazi (portfolio) likabadilika kabisa. Darasa la mtandaoni lenye watu wa nchi nyingi hukupa jicho la mgeni, na jicho hilo huona ulichoacha kukiona.

Kati ya njia mbili za mtandaoni, MA kwa kawaida huelekea kwenye mradi mmoja mkubwa wenye maandishi ya kiuchambuzi, ilhali MFA hukupa muda mrefu zaidi wa kutengeneza, kukosea na kutengeneza tena, hadi upate sauti yako. Darasa la Nairobi lina kitu kingine: msimamizi anayejua soko la Gikomba lilivyo, anayeweza kukutuma ukatazame maandishi ya vibandani ya mikono na atakayejua ukimdanganya. Kama swali lako la utafiti liko hapa, ukaribu huo hauna mbadala.

Milango

Msanifu anayetaka kupanda cheo katika wakala wa matangazo wa Westlands au Kilimani hahitaji yoyote kati ya shahada hizi kwa ulazima. Huko hutazamwa jalada la kazi na matokeo ya kampeni. Uzamili utamsaidia kwa kumpa kazi bora za kuonyesha, na kwa hilo MFA ina nafasi nzuri kwa sababu ya wingi wa saa za vitendo. Anayetaka kuhamia kwenye ubunifu wa programu za simu kwa benki na kampuni za teknolojia aangalie kwanza kozi fupi, kama cheti cha Google cha ubunifu huo kilichopo Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, tangu mwaka 2021. Si uzamili, na hakidai kuwa hivyo, lakini humwonyesha kwa gharama ndogo kama kazi hiyo inampendeza.

Kwa mkaazi wa Nairobi, mlango ambao husahaulika ni Gigiri. Makao makuu ya UNEP na UN-Habitat yako hapa, na nafasi za kitaalamu za Umoja wa Mataifa kwa kawaida hudai shahada ya uzamili. Tangazo la nafasi ya ngazi ya P-2, moja ya ngazi za chini za wataalamu, mara nyingi hutaka uzamili na uzoefu wa miaka miwili, kisha huongeza kwamba shahada ya kwanza yenye miaka miwili zaidi ya uzoefu unaofaa inaweza kukubaliwa badala yake. Soma sentensi hiyo mara mbili. Inamaanisha kwamba kwa nafasi nyingi za aina hiyo shahada ya miaka miwili inabadilishwa na kazi ya miaka miwili. Mwenye uzoefu wa kutosha asikimbilie uzamili kwa sababu ya Gigiri peke yake. Na kwa mlango huo, MA yoyote inayotambuliwa, ya London au ya Nairobi, hufanya kazi ileile.

Kwa uhadhiri, MA ya Nairobi yenye tasnifu ndiyo inayoungana kwa urahisi zaidi na uzamifu wa hapa. MA ya Uingereza inaweza kuungana pia, ila uliza mapema kama mradi wa mwisho utahesabiwa kuwa utafiti. Wengine hufika kwenye ufundishaji kwa njia yao wenyewe: Saki Mafundikwa, msanifu wa michoro wa Zimbabwe, alipata MFA yake Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akafanya kazi New York, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 akarudi Harare na kuanzisha ZIVA, chuo chake cha usanifu. Yeye alisoma akiwa kule kule. Hilo linanileta kwenye mlango uliofungwa: shahada ya mtandaoni haikupi haki ya kubaki na kufanya kazi katika nchi ya chuo. Viza ya wahitimu ya Uingereza hudai uwe umesoma ukiwa huko kwa viza ya mwanafunzi, na miezi 12 ya kazi wanayopewa wahitimu wa Marekani huambatana na viza ya mwanafunzi vilevile. Kama lengo lako la siri ni kuhama, njia zote tatu si zako.

Kulingana na hali yako

Ukiwa umeajiriwa, una familia, na unachokosa ni macho mapya juu ya kazi yako, MA ya Uingereza mtandaoni inakufaa: saa zake zinavumilika na ina pa kutokea ukikwama.

Ukiwa unajitegemea, unalipwa kwa dola, usiku hukuchangamsha badala ya kukuchosha, na unataka miaka mitatu ya kujenga mtindo wako mwenyewe, itazame MFA kwa makini, ukijua kwamba haitakufanya mhadhiri hapa.

Ukiwa unataka kufundisha, au swali lako linahusu maandishi ya vibandani, lugha ya vifungashio, ishara za barabarani au chochote kilichoko umbali wa kutembea, anza na vyuo vya hapa. Zungumza na msimamizi unayemtaka kabla ya kutuma maombi, umuulize ana wanafunzi wangapi na wa mwisho kuhitimu alichukua muda gani.

Na kama bado huna swali lolote ila uchovu wa kazi, ahirisha kwa mwaka mmoja. Hazina ya tasnifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko wazi mtandaoni; chagua tatu za usanifu, zisome hadi mwisho, na uandike pembeni kila mahali ambapo ungemuuliza mwandishi jambo. Kurasa hizo zenye maswali yako ndizo utakazoanza nazo barua ya maombi, kokote utakakoituma.